Gari ya umeme, chumvi ya Chukwani na breki iliyolala

Tokea nianze kuendesha gari ya umeme hapa Unguja suali ninaloulizwa kuliko yote si bei wala si masafa, ni hili: umeme ukikatika njiani hio gari itasimama ukifunga breki? Wananiuliza barazani, kaniuliza muuza miwa pale Darajani, kaniuliza mpaka bi mkubwa mama yangu siku ya kwanza nilipompakia huku kashika mlango kwa mikono miwili. Na mie siwalaumu hata kidogo. Sisi tuliokuwepo kisiwani 2008 tunajua kukaa kiasi cha mwezi mzima bila umeme, na tulipodhani yamepita ikaja tena Disemba 2009 tukakaa gizani kama miezi mitatu mpaka Machi 2010, sasa mtu aliyepita kwenye hayo ukimwambia roho yake uitie kwenye kitu cha umeme kiko mwendo wa 80 ana haki ya kuuliza.

Basi jibu ni kwamba itasimama, na sababu yake ni ya chuma. Kwenye gari yangu na nyingi za aina yake pedeli ya breki imeungwa kwa fimbo mpaka kwenye masta silinda, na kutoka pale ni mafuta ya breki yanakwenda magurudumuni kwa njia mbili mbalimbali, hii ikipasuka ile inabaki. Kilichobadilika ni busta, kile kinachousaidia mguu kusukuma. Gari ya petroli busta yake inasaidiwa na hewa inayonyonywa na enjini, ndo maana ukizima enjini gari inaserereka ukakanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu kama umekanyaga gogo. Gari ya umeme haina enjini ya kunyonya hewa, kwahiyo busta yake ni kijimota kidogo kinachokusaidia kusukuma. Kijimota kikifa unarudi kwenye hali ileile ya gogo, pedeli nzito lakini breki ipo, unatumia mguu wote na unasimama. Tena umeme wa breki hautoki kwenye betri kubwa, unatoka kwenye ile betri ndogo ya volti 12 kama ya gari yoyote, na yangu ina na akiba yake pembeni ya kulisha breki peke yake betri ndogo ikizimika. Ndo maana mie betri ndogo naichunga kuliko kubwa, ikianza kuchoka tu taa za breki zinawaka kwenye dashi hata kama breki zenyewe hazina tatizo, na ukishazoea kuona taa inawaka bure siku ya kweli hutoijali.

Kwahiyo khofu ya umeme kukatika imenitoka zamani. Iliyoniingia ni khofu nyengine, hio ndo iliyonikalisha kuandika, maana hakuna mtu aliyenambia kabla.

Mie ni dereva. Miaka 14 nabeba wageni kutoka kiwanja cha ndege na mjini kwenda Paje, Jambiani, Nungwi, kwengine kote, na miaka yote hio nimeendesha Noah, mguu wangu wa kulia unaijua pedeli ya Noah kama ulimi unavyoyajua meno. Mwaka juzi tukachangishana na kaka tukaleta gari ndogo ya umeme kutoka Japani, used, ya 2016, betri yake kWh 30, mota kW 80, inavuta mbele. Tuliitoa bandarini Malindi mchana wa jua kali na kutoka pale mpaka Michenzani mie nlikuwa nshajua hii ni gari nyengine kabisa.

Kitu cha kwanza ni ule mkono wa nyuma. Unaachia mafuta (tunasema mafuta hata kama hamna mafuta) gari ikiwa kwenye gia ya B, inajishika yenyewe kama mtu kaifunga kamba anaivuta taratibu. Ni mota ileile inayoisukuma gari, sasa magurudumu ndo yanaizungusha yeye, inageuka jenereta inatia umeme kwenye betri, na ile kazi ya kuzungushwa ndo inayoipunguza gari mwendo. Mie naiita breki ya mota. Na ile ya kawaida, ya pedi kubana diski, naiita breki ya pedi. Wiki moja tu mguu ukishaizoea breki ya mota hutaki tena kurudi nyuma, unafika mzunguko wa Amani umeachia mafuta mapema na gari imepoa yenyewe, unaingia Mwanakwerekwe kwenye ule msongamano wa daladala na mikokoteni na akinamama wenye makapu na mguu wako hauruki huku na huku kama mcheza ngoma.

Kitu cha pili kinahitaji maelezo zaidi maana hapa ndo panapochanganya watu. Pedeli ya Noah ukiigusa unagusa pedi, unazisikia, diski ikiwa na mawimbi unaisikia kwenye unyayo, pedi zikilowa unasikia, hewa ikiingia kwenye mafuta ya breki pedeli inakuwa kama sponji na unajua leo leo niende gereji. Hii ya umeme pedeli ukiigusa polepole hujagusa pedi kitu. Kompyuta inasoma umekanyaga kiasi gani na kwa nguvu gani, alafu inagawa, kiasi hichi ifanye mota, kilichozidi zifanye pedi, na kila gari inapozidi kupungua mwendo mota inakuwa na kidogo cha kuchukua, ukikaribia kusimama kabisa pedi ndo zinapokea zamu. Pale pa kupokezana, ukiwa na mguu mzoefu unasikia kijishituko, gari inashika zaidi kidogo kuliko ulivyoomba. Mwanzo nlikuwa nasimama kwa mashituko mpaka nikajua kwamba mita mbili za mwisho inabidi niulegeze mguu kidogo.

Si gari zote zinagawa hivo. Tesla wao wameamua pedeli ya breki iwe ya pedi tu, breki ya mota unaipata kwa kuachia mafuta, basi. Mie binafsi naona njia ile ni ya kweli zaidi kwa mguu, ukikanyaga unajua umekanyaga nini. Lakini wengi wanagawa, na mgao ukiandikwa vizuri dereva hajui, ukiandikwa vibaya anajua kila siku.

Nimesema ukiandikwa kwa sababu ni programu, na hili lilimkera fundi wangu mpaka akaweka spana chini. Nlimhadithia khabari ya Tesla Model 3, mwezi wa tano 2018, jarida la Consumer Reports la Marekani liliipima gari ile kutoka maili 60 kwa saa, yani kama km 97, ikachukua futi 152 kusimama, kiasi cha mita 46, wakasema hawawezi kuipendekeza. Kampuni ikatuma programu mpya kwa njia ya mtandao, hakuna gari iliyopelekwa gereji wala nati iliyofunguliwa, wakapima tena ikasimama futi 133, kama mita 40 na nusu. Mita tano na zaidi, urefu wa gari nzima, zimetoka hewani. Fundi kanambia "mwanangu hio breki au simu?" na sikuwa na jibu zuri la kumpa, maana kwa kweli sa hivi ni vyote viwili.

Na programu hio hio ndo ya lile jambo la mashimo. Unafunga breki polepole kwenye mwendo mdogo, gurudumu moja la mbele linapita kwenye shimo au kwenye ukingo wa tuta, linaelea nukta moja hewani, kompyuta inadhani linateleza, inaiachisha mota kazi mara moja ili gurudumu lisifunge, na mpaka pedi zije zishike gari imeshasogea na wewe tumboni unasikia kama imeruka mbele. Haijaruka, imeacha kushikwa tu kwa muda mdogo sana, lakini mwili hauelewi hivo. Toyota iliwakuta 2010, mwezi wa pili waliita zirudi kutengenezwa gari zao za haibridi, za petroli na umeme pamoja, zaidi ya 400,000 dunia nzima, nyingi ni Prius za toleo la tatu, kwa malalamiko ya aina hii hii, breki kuchelewa kushika barabara ikiwa na mabonde au inateleza, na dawa ikawa kuandika upya programu ya ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasifunge. Wenye Prius na Aqua hapa kwetu wanajua ninachokisema, wapo wanaodhani breki zao mbovu kumbe ndo tabia yake. Lililonisaidia mie ni kuufundisha mguu usiachie. Mtu akishituka anaunyanyua mguu, ni tabia ya mwili, na hapa inatakiwa kinyume, kandamiza zaidi, ukikandamiza pedi zinaingia na gari inashika.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Tunakaa Chukwani, kutoka ukutani kwetu mpaka baharini ni mwendo wa kumaliza kijiti cha muwa. Kila mtu wa huku anajua chumvi inavyofanya, bati linaliwa, bawaba za mlango zinaliwa, baskeli ikilala nje msimu mmoja wa kusi mnyororo unageuka rangi. Gari nayo ni chuma. Lakini gari ya petroli diski zake zinajisafisha zenyewe, kila ukikanyaga pedi zinapangusa kutu ya usiku, unasikia kile kikwaruzo cha asubuhi mara mbili mara tatu kinakwisha. Yangu mie nlikuwa nikijisifu kwamba naiendesha siku nzima bila kugusa pedi. Mjini mpaka Paje na kurudi, kama km 100, nakanyaga breki kwa kweli labda mara nne.

Mwaka jana kwenye masika nikapata khabari khalati kaugua Wete, nikavuka Pemba, nikakaa wiki tatu. Gari ilibaki Chukwani chini ya mwarobaini, mvua inanyesha inaacha, upepo wa bahari, na mie nimeivuta breki ya kuegeshea kwa nguvu kama nilivyofundishwa. Niliporudi kesho yake nna wageni wawili wa Jambiani. Nikaondoka, ikakwama kidogo pale mwanzo alafu ikasema ta! ikaachia, nikajua pedi za nyuma zimegandana na diski, nikaona basi imeachia. Mjini yote nimekwenda kwa breki ya mota, laini, hakuna tatizo, Tunguu nimepita hakuna tatizo.

Kabla ya kufika Jozani, pale Pete kwenye kona yenye miti imeinamia barabara, nilikuwa kama 80 na mbele yangu akatoka kijana na gari ya ng'ombe kapakia kuni, kaingia barabarani moja kwa moja, na upande wa pili fuso linakuja. Hakuna pa kwenda. Nikakanyaga kwa mguu wote. Nikasikia sauti kama mtu anasaga mawe kwenye sufuria, usukani ukavuta kushoto, ABS inatetemeka chini ya unyayo, na gari inasimama lakini haisimami vile ninavyoijua, inasimama kama mtu anayebishana. Ilisimama. Kutoka kwenye bampa mpaka kwenye gurudumu la ile gari ya ng'ombe nlishuka nikapima, hatua zangu mbili na nusu. Ng'ombe hakugeuka hata kutizama. Yule kijana hakusikia gari inakuja, kanambia "samahani kaka, sijasikia kitu," na kasema kweli, gari za umeme hazisikiki, na hio peke yake ni sababu ya breki zake kuwa nzuri kuliko za gari nyengine.

Nlifikisha wageni kwa mwendo wa 40. Nikapita Jozani kwenye yale matuta waliyoyaweka kwa ajili ya kima punju maana walikuwa wakigongwa pale, nikapita polepole mpaka nikaona aibu, na mikono inanitetemeka kwenye usukani.

Kesho yake kwa fundi. Ni mtu mzima, gereji yake iko Jang'ombe, katengeneza Bedford za shamba mie sijazaliwa. Akafungua magurudumu yote manne akatizama akanyamaza, alafu akaniita.

"Mwanangu, pedi hizi umeweka lini?"

"Sijaweka fundi, ndo zilizokuja nayo."

"Mbona nene hivi?"

Na kweli zilikuwa nene, ungeliambiwa zimetoka dukani ungeamini, na mie nikafurahi nikidhani ndo dalili nzuri. Akanishika mkono akanipitisha kidole upande wa ndani wa diski ya nyuma kulia, ule usioonekana kutoka nje. Ilikuwa kama ganda la muhogo. Kutu imekula uso, pedi inakamata ukingo tu wa juu, utepe mwembamba unaong'aa kama shilingi na kwengine kote kahawia. Alafu akajaribu kuisogeza kalipa, ile inayozibana pedi, kwa mkono, haisogei, pini zake zimekauka grisi na kushika kutu, kwahiyo inabana upande mmoja tu. Ya kushoto ilikuwa na nafuu. Mbele zilikuwa na kutu ya juu tu. Ndo maana gari ilivuta, ndo maana ile sauti. Na wakati wote huo mota ilikuwa ikifanya kazi vizuri na kunificha, kila siku nasimama vizuri Michenzani, nasimama vizuri Darajani, kumbe nasimama na mota.

"Chuma kisichofanya kazi pwani kinaliwa," kanambia. "Gari yako mbovu kwa sababu ya kupumzishwa."

Tukabadilisha diski mbili za nyuma na pedi zake, pini zikatolewa zikasuguliwa msasa zikatiwa grisi ya breki, ile inayostahamili moto, mafuta ya breki yakamwagwa yakatiwa mapya.

Watu wa nje wanalijua hili na wameshaanza kulifanyia kazi. Volkswagen kwenye ID.3 na ID.4 nyuma wameweka breki za dramu, gari mpya kabisa ya karne hii na nyuma ina dramu kama pikapu ya kizamani, na sababu yake ni hio hio, breki za nyuma hazipati kazi na dramu imefunikwa, maji na chumvi havigusi uso wake kirahisi. Fundi alifurahi kusikia hivo kuliko jambo lolote nililowahi kumhadithia, maana miaka watu wanamwambia dramu zimepitwa. Na Porsche wanasema kwenye Taycan yao karibu asilimia 90 ya kufunga breki kwa kila siku kunafanywa na mota, pedi zinabadilishwa kwa umri zaidi kuliko kwa kulika. Gari ya mbio kama ile, na pedi zinazeeka zimekaa tu.

Lakini mtu asije akaniambia kama hivo pedi za nini, basi. Nimefanya hesabu, wala si ngumu. Gari ya tani moja na nusu kwenye mwendo wa 80 inakwenda mita 22 kila sekunde. Ukiikamata kwa nguvu zote kwenye lami kavu na tairi nzuri, pale mwanzo unapokanyaga breki zinatakiwa zimeze nguvu ya kama kW 260. Mota yangu nzima ni kW 80, hio ni ya kusukuma, kurudisha hairuhusiwi kufika huko, na inashika magurudumu ya mbele tu. Hio Taycan ya toleo la mwanzo ndo inaweza kurudisha mpaka kW 265, lakini nayo ni tani mbili na zaidi. Kwahiyo siku ya gari ya ng'ombe mota haina msaada mkubwa, na ABS ikianza kufanya kazi kwa kawaida inaondolewa kabisa wabaki pedi na diski na tairi. Breki ya mota ni ya siku 364. Ile moja iliyobaki ni ya pedi, na ndo siku yenyewe.

Na hapo hapo niseme juu ya mwendo, maana nlikuwa 80 pale Pete na nnaijua kona ile miaka 14. Kwa 80, sekunde moja ya kushituka tu umeshakwenda mita 22, alafu breki nzuri zinataka kama 32 nyengine, jumla 54. Kwa 50 ni 14 na 12, jumla 26, nusu yake hata haifiki. Mwendo ukipanda, nguvu ya kuzimwa inapanda kwa mwendo mara mwendo, programu haiwezi kulibadilisha hilo wala gari ya bei gani.

Tairi nazo. Kinachosimamisha gari mwisho wa yote ni kile kipande cha mpira kinachogusa lami, kila tairi kama kiganja cha mkono. Gari za umeme ni nzito kwa sababu ya betri na watu hapa wanazivisha tairi za mtumba ilimradi kashata zinaonekana. Tizama zile namba nne za tarehe ubavuni, ukiona 2319 ujue imetengenezwa wiki ya 23 mwaka 2019. Mie nimekutana na tairi ya kabla ya 2010 kwenye gari inayobeba watoto wa skuli, kashata nzuri, mpira mgumu kama ubao, na mvua ya masika ikipiga lami ya mwanzo yenye mafuta na vumbi hio haina breki hata ukiiwekea nini.

Mafuta ya breki vilevile yanadharauliwa. Yanavuta unyevu kutoka hewani, na hewa yetu sote tunaijua. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanachemka kwenye nyuzi 230, yakishakunywa maji yanaweza kushuka mpaka 155, na mbali ya kuchemka yale maji yanakula silinda kwa ndani. Breki za petroli utaona dalili mapema kwa sababu unazitumia. Hizi hutoona. Mie nabadilisha kila miaka miwili, kilomita ziwe nyingi ziwe chache.

Rafiki yangu wa Chake anataka kununua na kaniuliza, na nimemwambia Pemba ndo kisiwa cha breki ya mota haswa, ile milima yenu na mabonde, unapanda unashuka, kila mteremko unakurudishia kitu na pedi hazichemki. Ila akae akijua kitu kimoja, yeye nyumba yake iko juu, akitia chaji usiku mpaka ikajaa pomoni asubuhi anaanza na mteremko, mota haina pa kuuweka umeme, breki ya mota itakuwa dhaifu sana na mguu wake ulioizoea utashituka. Aache kwenye 80 au 90. Mie mwenyewe hapa Unguja nikiwa nimejaza kabisa naona vile vidoti vya kwenye dashi vya kurudisha umeme vimezimwa na dakika za mwanzo naendesha nikijua hivo.

Jengine ni taa za nyuma. Kuna kanuni ya Umoja wa Mataifa, namba 13-H, inayosema mota ikipunguza gari kwa zaidi ya mita 1.3 kwa sekunde kila sekunde taa za breki lazima ziwake hata kama dereva hajagusa pedeli, chini ya 0.7 zisiwake, na kati ya hapo ni hiari ya mtengenezaji. Nikataka kujua yangu iko wapi. Nikamtia mtoto wa dada nyuma yangu na vespa usiku, barabara tupu, nikaachia mafuta kwenye B. Kanambia hakuna kitu mjomba, gari inapungua na taa hazijawaka. Tokea siku ile nikiwa na daladala nyuma, na unajua zile zinavyokaa mgongoni kwako utingo keshaning'inia mlangoni, naigusa pedeli kidogo ili taa ziwake, hata kama mota inatosha.

Na breki ya kuegeshea siivuti tena nikijua gari italala siku nyingi. Sehemu tambarare naiacha kwenye P na jiwe nyuma ya gurudumu, nikirudi hakuna ta!

Sasa utaratibu wangu. Kila Jumamosi baada ya sala ya alfajiri natoka na mtoto wa dada, ana miaka 19 na anajifunza kuendesha, tunakwenda barabara ya Fumba sehemu iliyonyooka, saa ile hakuna mtu. Kwenye gari hii kugusa breki polepole hakusafishi chochote kwa sababu ya ule mgao, kwahiyo naipeleka mpaka 60, natizama nyuma na mbele, naitia N, na kwenye N mota haishiki kabisa, alafu nakanyaga sawasawa mpaka inasimama. Pedi peke yake. Mara ya kwanza inanguruma kwaruuu, gari nzima inatetemeka kidogo, mara ya pili inanguruma mwanzo tu, mara ya tatu unasikia upepo na tairi. Tukirudi nyumbani anashuka na tochi anatizama diski zote nne kupitia kwenye rimu, mbele na nyuma, ndani akiinama mpaka shavu linagusa mchanga.

Jumamosi iliopita tumemaliza ya tatu, mie nimeridhika nshaanza kugeuza gari, akafungua kioo akatoa kichwa nje akanambia "mjomba, ya nyuma kulia bado inalia." Mie sikusikia kitu. Tukarudi tena mwanzo wa barabara, yeye kichwa nje, na kweli ilikuwa inalia.